Jukwaa la Kingi na Jukwaa la Delhi

Jiwe la kwanza liligonga bati la kituo cha polisi cha Masisi kabla Inspekta Bénédicte hajaketi. La pili lilivunja kioo cha dirisha. La tatu halikurushwa, maana alikuwa ameshafungua mlango na kusimama kizingitini, mikono kiunoni, akiwatazama wafugaji wa Kingi waliojaa uani na fimbo zao.

"Murushe tena," aliwaambia. "Nani anarusha? Nimuone sura."

Watu ni hodari wa mawe wakiwa wengi. Ukimwita mmoja mmoja, kila mtu anaanza kutazama viatu vyake. Mwishowe alisogea Narcisse, mdogo wake marehemu Mzee Mbonigaba, mwanamume mrefu mwenye koti refu, kofia pana na buti za mpira.

"Mama inspekta, hatuna maneno na wewe," alisema. "Utupatie mwalimu, tuende zetu."

"Mwalimu iko mu kasho. Iko mu mikono ya sheria."

"Sheria gani? Mwalimu iko muntu ya Walikale, na wewe uko muntu ya Walikale. Unamuficha juu iko ndugu yako!" Uani kukavuma. Narcisse akainua fimbo, wakatulia. "Jioni tukiisha kukamua ng'ombe, tutarudi. Tukirudi, ukiwa haujamutosha inje, tutamutosha sisi wenyewe. Petroli tunayo."

Wakaondoka wakitema mate. Bénédicte akafunga mlango. Hasira alikuwa nayo, lakini saa ya kukamua ilikuwa haiko mbali, na hasira haijawahi kumwokoa mtu asichomwe.

Kesi yenyewe kila mtu Masisi alikuwa anaijua, au alidhani anaijua. Juzi Mzee Mbonigaba, mwenye kundi kubwa kuliko yote pale Kingi, alikuwa amerudi kutoka Goma alikoshinda kesi ya malisho. Mwanawe Shyaka alimjengea jukwaa la miti ya mikaratusi ukingoni mwa kilima, baba aketi juu, ng'ombe wake wapite mbele yake awaone na kuwasifu. Ng'ombe wakapita. Jukwaa likaanguka. Mzee aliporomoka nalo mpaka kwenye mawe, na boriti ikamfuata kichwani. Watu wangali wanalia, mmoja akapaza sauti kwamba Shyaka alisoma sekondari kwa Mwalimu Thierry, na kwamba Mwalimu Thierry ndiye aliyemfundisha kisa cha mfalme wa India aliyeuawa hivyo hivyo. Basi, ikawa imekwisha. Shyaka wakamfunga kamba katika zizi la ndama, mwalimu wakamburuta kutoka darasani. Bénédicte alimpata akiwa amebakiza nusu ya shati.

Sasa alikuwa mle kasho, chumba cha mahabusu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jicho moja limevimba likazibika. Floribert, polisi wa zamu, alisimama mlangoni na bunduki isiyokuwa na risasi, jambo ambalo mji mzima ulilijua.

"Ulimufundisha Shyaka nini?" Bénédicte aliuliza.

"Historia. Njo kazi yangu."

"Historia ya nani?"

"Ya masultani wa Delhi. Waislamu walitawala India ya kaskazini zamani. Iko mu programu."

"Thierry, usinijibu na kiburi. Wanarudi na petroli."

Mwalimu alicheka, kicheko kichungu. "Unajua juu ya nini nililipenda ile somo? Nikifundisha historia ya hapa, darasa linagawanyika. Babu ya nani alifika mbele, kilima iko ya nani, nani iko mugeni. Batoto wanapigana mpaka wanatokea ku dirisha. Nikasema, twende mbali. Delhi! Kule hakuna mutoto wa Masisi mwenye kuwa na baba mukubwa."

"Na ile mbali imekufikisha wapi?"

"Hapa," alisema, akipiga ukuta wa kasho kwa kiganja.

"Nieleze vile uliwaeleza. Kwa ufupi."

Thierry alivuta pumzi, na pamoja na jicho lile lililovimba, sauti ya darasani ikamrudia. "Watumwa njo walianza. Waturuki walionunuliwa ku soko, wakapewa upanga, kisha wakakalia kiti ya bwana wao. Walipochoka, wakaingia Wakhalji. Sultani wao wa kwanza alikuwa muzee wa huruma. Mutoto wa ndugu yake, ambaye tena alikuwa mukwe wake, alimuita kando ya mutoni amukumbatie, akamuua palepale. Wakhalji nao wakauana mpaka wakaisha. Akaja Tughlaq, askari muzee wa mupaka. Alipunguza kodi, akajenga ngome, bantu wakapumua. Haikudumu. Alikuwa anarudi na ushindi kutoka Bengali, mutoto wake akamujengea jukwaa ya miti inje ya muji. Wakakula. Tembo zikapitishwa. Jukwaa ikamuangukia."

"Kisha?"

"Kisha mutoto akatawala, na nchi ikamubomokea mu mikono. Alihamisha muji wote kwenda mbali, akaurudisha. Alitoa pesa ya shaba, bantu wakaanza kuitengeneza mu manyumba yao. Nyuma ya siku Timur akakuja kuchoma Delhi, wakaingia Wasayyid, wakaingia Walodi, na Babur akawafagia. Karibu kila nyumba iliingia kwa mulango ya damu, na kwa mulango ileile ikatoka. Njo somo!" Alikuwa amesimama sasa, anapiga kelele. "Sikufundisha kuua, mimi! Niliwafundisha kama haina faida!"

"Kaa chini. Ilijulikana namna gani kama iko mutoto njo alimuua?"

"Haijulikani kabisa. Wengine wanasema ilikuwa radi. Lakini kuna musafiri wa Maghribi, nyuma ya miaka, alisikia kwa shehe mumoja aliyekuwa pale. Shehe alimuambia: mbele tembo hazijaletwa, ule mutoto alinifuata, akasema, shuka, saa ya sala imefika. Shehe akashuka. Njo jukwaa ikaanguka."

Bénédicte alimkazia macho. "Alimutosha shehe mbele?"

"Alimutosha. Kuua baba aliweza. Kuua muntu ya Mungu aliogopa."

Baba yake Bénédicte alikuwa mtegaji katika misitu ya Walikale. Akichimba shimo la nguruwe, alifunga majani fundo kando ya njia, watu wake wasije wakatumbukia. Na shimo lisilo na mwenyewe likimjeruhi mtu, wazee wa kule hawakuuliza nani amechimba, kwa maana nani angekubali? Waliuliza nani alipita njia ile asianguke.

"Floribert," aliita. "Funga hii mulango. Ufunguo unipe mimi. Wakikuja, uwaambie nimeenda na ufunguo."

*

Pikipiki ilimfikisha Kingi ikitapatapa kwenye matope. Hakuna aliyemwamkia. Wanawake waliokuwa kwenye matanga walimpa mgongo, na mchungaji mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Muntu ya pori atajua nini ya ng'ombe?" Bénédicte aliyameza. Alikuwa ameshayameza makubwa kuliko hayo tangu aletwe kwenye milima hii.

Jukwaa lilikuwa limelala mteremkoni, miti juu ya miti. Alishuka akaitafuta nguzo ya pembeni, ile iliyokuwa upande wa njia ya ng'ombe. Chini ya majani ya migomba yaliyofungwa kama pambo aliona kilichofichwa: msumeno ulikuwa umepita karibu nguzo nzima, na kipande kidogo kilichobaki kilikuwa kimechanika chenyewe. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni gome la juu yake. Lilikuwa limelainika, limesuguliwa. Aligusa kwa kidole, akaonja.

Chumvi.

Eti mwalimu! Mwalimu gani wa historia angewaza kupaka nguzo chumvi, ili ng'ombe wakifika walambe, wasukumane, waegemee kwa uzito wao wote? Aliyefanya hivi alijua ng'ombe kama anavyojua kiganja chake. Thierry alikuwa mtoto wa msituni. Hata kumshika ng'ombe mkia angeogopa. Lakini Shyaka alizaliwa zizini. Chumvi ilimtoa mwalimu, haikumtoa yeye.

Akachuchumaa katikati ya mabaki. Kiti cha mzee, vipande. Chupa za bia, vipande. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikuwa umepasuka, na nzi wamejaa juu ya utamu uliomwagika. Alivuta hewa puani, akavuta tena. Bia, ndizi, soda, matope. Kitu kimoja hakikuwepo. Tangu afike Masisi, harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa imemganda mpaka kwenye nguo, na maziwa yaliyomwagika juu ya mti tangu juzi yangenuka mpaka barabarani.

Karamu ya mfugaji mkubwa, na maziwa hayakumwagika hata tone?

*

Shyaka alikuwa amefungwa kwenye kigingi cha ndama, midomo imepasuka. Vijana wawili wa Narcisse walimlinda. Bénédicte aliwatoa kwa macho tu.

"Musumeno ulitoka wapi?"

"Ku masomo. Mwalimu aliniazimisha. Ulikuwa umelala hapa inje usiku wote, kila muntu angeweza kuukamata."

"Jukwaa ikianguka, wewe ulikuwa chini. Juu ya nini haukukaa na baba yako?"

"Alisema ningojee. Ng'ombe zikiisha kupita, nipande, anipe fimbo mbele ya bantu wote." Sauti ilimkatika. "Fimbo ya ng'ombe, mama. Alitaka kuniachia zote."

"Nani alijua ile habari?"

"Sisi mu nyumba tu. Mama, na baba mudogo Narcisse. Baba alimuambia ku telefone, jioni moja mbele ya karamu."

Bénédicte hakubadilisha uso. "Ile hadisi ya Delhi, uliisimulia nani?"

"Wote. Jioni, tukiwa tunakamua. Baba alicheka sana, akasema mimi nisimujengee kitu." Machozi yakamtoka, hakuyafuta maana mikono ilikuwa imefungwa. "Baba mudogo njo aliuliza maulizo mingi."

"Uliwaeleza na ile ya shehe aliyeshushwa?"

Shyaka alimtazama bila kuelewa. "Shehe gani? Ile nilisahau, mama. Mi nilieleza tembo."

*

Mjane, Nyirakamana, alikuwa katika chumba cha maziwa nyuma ya nyumba, peke yake, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi.

"Toka," alisema bila kugeuka. "Umekuja kumutetea muntu yenu."

"Nimekuja kuuliza neno moja, mama, kisha nitatoka. Siku ile, maziwa iliwekwa wapi?"

Nyirakamana aligeuka kwa hasira. "Unaniuliza maziwa? Bwana yangu iko mu kaburi, unaniuliza maziwa?"

"Ndiyo. Maziwa."

"Niliiweka mimi mwenyewe, kandokando yake juu ya jukwaa. Mu icyansi ya mama mukwe, marehemu. Muntu akirudi na ushindi, anakunywa maziwa ya kwao mbele ya pombe. Njo desturi yetu. Nyinyi hamujui."

"Kweli hatujui. Na hiyo icyansi iko wapi sasa?"

Mjane alinyoosha kidole. Juu ya kibaraza cha udongo, katikati ya vyombo vingine vya maziwa, kilisimama chombo cha mti, cheusi kwa moshi na mikono ya miaka mingi, na kifuniko chake cha majani kilichosukwa kwa ncha ndefu. Bénédicte hakukigusa. Aliinama, akakitazama shingo, tumbo, mpaka kifuniko. Usiku wa kuamkia karamu kulinyesha. Nguo za maiti zilikuwa za matope. Kifuniko kilikuwa cheupe.

"Nani alikirudisha?"

"Shemeji Narcisse. Alisema alikichimbua chini ya miti."

"Kilikuwa tupu?"

"Kilikuwa kimejaa. Ile maziwa nimeiacha ndani mpaka leo, imekuwa kivuguto, imeganda, sina roho ya kui..."

Hakumaliza. Mkono ulipanda mdomoni polepole, ukabaki hapo. Jukwaa zima liliporomoka mpaka kwenye mawe, mtungi ukapasuka, mume wake akapasuka kichwa, na chombo kikatoka kimejaa mpaka shingoni? Bénédicte alimwacha alifikie mwenyewe. Kuna maneno ambayo polisi akiyasema ni uchokozi, na mwenye nyumba akiyawaza ni ukweli.

"Mi nilikuwa jikoni," Nyirakamana alisema mwishowe, sauti imekauka. "Sikuona. Mungu wangu. Sikuona."

"Ukichukue, mama. Twende nacho Masisi. Na usiseme kitu mpaka nikuulize."

*

Waliwakuta wafugaji wamesharudi uani. Wamekamua, wamenawa, na dumu la petroli limesimama juu ya ngazi ya kituo kama mgeni aliyekaribishwa. Floribert alikuwa amebanwa ukutani. Bénédicte alipita katikati yao, mjane nyuma yake na chombo mikononi, na walipomwona mjane wakafungua njia.

"Jioni imefika," Narcisse alisema.

"Imefika. Nitafungua kasho mbele yenu wote. Lakini ujibu mbele neno moja, wasikie. Hii icyansi ya mama yenu, ulikitosha wapi?"

Narcisse alikitazama chombo, kisha akamtazama shemeji yake. "Chini ya miti. Nilishamuambia."

"Mbele jukwaa ianguke, ao kisha?"

"Kisha! Nilichimbua na mikono yangu."

"Haya." Bénédicte aliwageukia wafugaji. "Nyinyi munajua ng'ombe, mimi sijui. Munisaidie. Chombo kikianguka pale juu mpaka ku mawe, maziwa inabaki ndani?"

Fimbo kadhaa zilishuka. Mzee mmoja akasema, "Inamwangika."

"Basi ilimwangika. Tena yote, maana kwa nguvu ile hata muntu alikufa. Narcisse alikiokota tupu, akaenda akakamua ingine, akajaza, akamudanganya mujane kama iko maziwa ileile. Maziwa ya mama yake ilikunywewa na udongo, siku ya ushindi, na yeye akanyamaza, hakuomba hata musamaha kwa ng'ombe. Njo vile?"

"Hapana," Narcisse alisema.

"Ilimwangika, kaka. Sema tu. Ulimwanga maziwa ya mama yako, ukaficha."

"Nimesema hapana!"

"Ulikimwanga!"

"Sijamwanga!" Mishipa ilimtoka shingoni. "Toka nizaliwe sijamwanga maziwa ya mama yangu! Hata tone! Hakuna muntu hapa anaweza kusema Narcisse alimwanga maziwa!"

"Nakuamini," Bénédicte alisema, na kweli alimwamini. "Basi ulikitosha mbele jukwaa ianguke."

Narcisse akatazama nyuso za watu aliochunga nao tangu utoto, na hakuna hata mmoja uliomsaidia.

"Ukakata nguzo na ule musumeno, ukaipaka chumvi," Bénédicte aliendelea. "Ukatangulia na ng'ombe. Ukijua bantu watasema iko mutoto, juu ya ile hadisi. Lakini Shyaka alisahau kipande kimoja. Kule Delhi nako, muuaji alitosha kwanza kitu aliogopa kupoteza."

"Nililala na zile ng'ombe mu mvua!" Narcisse alipasuka, na alikuwa anamwambia shemeji yake, si polisi. "Maisha yangu yote! Yeye alikuwa Goma na ba avoka ya kesi, mimi niko na mapacha ya ndama mu mikono, usiku, baridi! Kisha fimbo anamupa mutoto wa masomo? Mutoto ya kusoma hadisi?"

Nyirakamana alikiondoa kile kifuniko cheupe, akakishika kwapani kama mtu anayejiandaa kumkaribisha mgeni. Akamsogelea shemeji yake mpaka wakakaribiana nyuso. Narcisse akaelewa kabla ya wote, akanyoosha mikono miwili.

"Shemeji, hapana. Shemeji, nakuomba. Ile hapana."

Akakipindua. Maziwa yalianguka mazito juu ya buti za Narcisse, yakatiririka kwenye vumbi la uani, na wafugaji wakapiga ukelele ambao hawakuupiga hata juzi kwenye maiti. Wazee walifunika macho. Mmoja alijifunga mikono kichwani akaita jina la mama yake.

"Sasa imemwangika," Nyirakamana alisema. "Bwana yangu ulimuacha aanguke, hii ukaiokoa. Sasa yote imemwangika. Ukae nazo, ng'ombe zako."

Narcisse alipiga magoti pale pale, akaanza kuyakusanya kwa viganja, tope na maziwa pamoja, analia kwa sauti. Hakumlilia ndugu yake. Hata pale, hakumlilia.

Bénédicte alitoa ufunguo mfukoni akamrushia Floribert. "Fungua. Mumoja atoke, mumoja aingie. Na wewe," alimwambia aliyekuwa karibu na petroli, "hiyo dumu uipeleke kwa mwenyewe. Kisha mwende mumufungue Shyaka ku kigingi."

Mwalimu Thierry alitoka akikinga jicho lake moja na mwanga. Mlangoni alipishana na Narcisse, mikono imefungwa, buti zinaacha nyayo nyeupe. Hakuna aliyemwomba msamaha mwalimu. Walimfungulia njia tu, wakitazama chini, naye akapita katikati yao akitembea kando, asikanyage maziwa.